Zima, Washa

Ukipeleka simu iliyoganda kwa fundi pale Manundu, Korogwe, swali la kwanza atakalokuuliza halihusu ugonjwa wa simu. Ni hili: "Umeshazima ukawasha?" Kama hujafanya hivyo atakufanyia yeye, mbele ya macho yako, na mara nyingi simu inaamka nzima kana kwamba haijawahi kuganda. Unatoa buku, au fundi muungwana anaikataa hata hiyo buku, mnaagana. Hakuna aliyejua tatizo lilikuwa nini. Wala hakuna aliyetaka kujua.

Sina ugomvi na fundi. Simu ni yangu, ikifa nitaumia mimi. Lakini hilo tendo dogo la kuzima na kuwasha limenikaa kichwani muda mrefu, kwa sababu tunalifanya pia kwa vitu ambavyo si vya mtu mmoja, tena vilivyo mbali na macho yetu: mashine za maji, mitambo ya umeme, kompyuta zinazoongoza darubini huko juu angani. Tunalifanya hata kwa vyama vyetu na ndoa zetu. "Yaishe, tuanze upya." Swali langu si la ufundi. Mtu anayewasha upya kitu ambacho hajui kwa nini kilizimika, amekitengeneza, au amekopa muda tu? Na kama amekopa, nani atalipa?

Nianzie juu kabisa, halafu tushuke Handeni.

Tarehe 13 Juni 2021, kompyuta inayosimamia vyombo vya kisayansi vya darubini ya Hubble ilisimama. Hubble ilirushwa Aprili 1990 na inazunguka dunia ikiwa kama kilomita 500 juu yetu. Ukiilaza njia hiyo barabarani, si mbali sana na safari ya Korogwe hadi Dar, kwenda na kurudi. Ndani yake kuna kompyuta kuu inayoendesha darubini yenyewe, na kuna hii nyingine ya vyombo, ya mfumo uliojengwa miaka ya 1980. Hizo mbili zina desturi ya kusalimiana. Ya vyombo hutuma ishara kila mara, kama jirani anayepita asubuhi na kupiga hodi, maana yake "mimi mzima." Siku ile salamu haikuja. Kompyuta kuu ikaviweka vyombo vyote katika hali ya usalama: vikatulia, havitazami chochote, vinangoja.

Kesho yake wahandisi wa kituo cha Goddard kule Maryland, Marekani, walifanya kile ambacho angekifanya fundi wetu wa Manundu. Waliiwasha upya. Ikagoma.

Hapo ndipo habari inaponoga. Mwanzoni walidhani kumbukumbu ya kompyuta imechakaa, wakajaribu kuhamia kumbukumbu ya akiba. Haikusaidia. Wakaiwasha kompyuta nyingine nzima ya akiba, ambayo ilikuwa haijawahi kuwashwa tangu ifungwe huko angani mwaka 2009. Nayo ikatoa makosa yaleyale. Sasa fikiri kama hakimu: mashahidi wawili tofauti, ambao hawakuwahi kukaa pamoja, wanakosea kwa namna ileile. Je, unawatuhumu wao, au unatafuta kitu wanachokula pamoja? Wahandisi wakaanza kukitazama kile ambacho kompyuta zote mbili zinakitegemea, na macho yakatua kwenye kitengo cha kudhibiti umeme, ambacho kazi yake ni kuzipa volti 5 zisizopanda wala kushuka. Ndani yake kuna kinga: umeme ukitoka nje ya kiwango, kinga inakata.

Hapa walibaki na mambo mawili yanayowezekana. Ama umeme kweli ulikuwa umetoka nje ya kiwango, ama kinga yenyewe ilikuwa imezeeka na kukwama ikiwa imekata. Walijaribu kukirudisha kitengo hicho katika hali yake kwa amri kutoka ardhini, kikakataa. Na hakuna mtu wa kupanda kwenda kufungua kifuniko. Mara ya mwisho mikono ya binadamu kuigusa Hubble ilikuwa Mei 2009, na vyombo vilivyokuwa vikiwapeleka mafundi huko vilistaafishwa mwaka 2011. Basi wakawaita wazee. Watu waliowahi kuitumikia Hubble zamani na kuondoka walirudi kusaidia, na makaratasi ya miaka 30 na 40 iliyopita yakafukuliwa na kusomwa upya. Kila hatua ilijaribiwa kwanza ardhini kwenye vifaa pacha. Tarehe 15 Julai wakaanza kuhamia upande wa pili wa mtambo, ule wa akiba, na tarehe 17 Hubble ikawa inatazama nyota tena.

Mwezi mmoja na ushei, kwa jambo ambalo mwishowe lilikuwa ni zima upande huu, washa upande ule.

Kinachonigusa mimi si ujuzi wao. Ni kwamba waliwasha upya bila kujua sababu kwa uhakika, wakasema hadharani kwamba kuna uwezekano wa namna mbili na kwamba upande wa kwanza ndiyo basi tena. Ile akiba waliyoitumia haina akiba nyingine nyuma yake. Kwa lugha ya mtaani kwetu, walikwenda dukani kwa Mangi, wakakopa, na wakasimama pale mpaka deni likaandikwa kwenye daftari, tarehe na kiasi. Hiyo ndiyo tofauti ninayoitafuta. Kuwasha upya ni kukopa muda kutoka kwa tatizo usilolijua. Kukopa si dhambi. Tabu ni ya anayekopa halafu anaondoka na daftari.

Sasa tushuke.

Handeni ni nchi ya malambo. Anayetoka huko anajua maana ya kumwona mama wa makamo kabeba ndoo ya maji yenye rangi ya chai ya maziwa, na anajua pia kwamba maji mazuri yapo jirani tu, Korogwe, ndani ya mto Pangani. Ule mradi mkubwa wa bomba la Handeni wa tangu miaka ya 1970, ambao watu wanauita HTM, chanzo chake kipo hukohuko mtoni, eneo la Tabora wilayani Korogwe. Maji yanasukumwa kwa mashine yapande kwenda kwa watu ambao hawauoni mto. Yaani swichi iko wilaya moja na kiu iko wilaya nyingine. Maisha ya Handeni, kwa miongo sasa, yamekuwa maisha ya mtu anayetegemea kompyuta iliyo angani: anajua tu kwamba salamu imekuja au haijaja.

Lakini kisa nitakachokisimulia si cha bomba hilo. Ni cha kisima kimoja cha kijiji, huko Handeni, ambacho sitakitaja jina. Kilikuwa na pampu ya umeme na kijana mmoja aliyeshika ufunguo wa kibanda cha mashine. Pampu ikaanza kujikata. Kuna swichi ya kinga pale ukutani, umeme ukienda vibaya inaruka. Kijana akawa anairudisha. Siku ya kwanza mara moja, wiki iliyofuata asubuhi na jioni, baadaye hata mara nne kwa siku. Watu wakampenda! Ukimwita usiku anakuja. Akinamama wakawa wanamwekea kande. Mzee mmoja alimsifu mbele ya mkutano wa kijiji kwamba bila kijana huyu tungekufa na kiu. Miezi ikapita hivyo, kisha mota ikaungua. Kikao kikaitishwa, na kikao kikauliza swali moja tu: tatizo lilianza lini? Hakuna aliyejua. Halikuandikwa popote. Kila kuruka kwa ile swichi ilikuwa barua, na kila barua ilichanwa kabla ya kusomwa. Kijiji kilirudi lambo, wasichana wakarudi kubeba madumu alfajiri, na kijana akawa mtu mbaya kwa kazi ileile aliyosifiwa nayo.

Sioni kwamba kijana alikosea peke yake, na hapa naomba msomaji anivumilie kidogo. Tazama alivyolipwa. Kila alipowasha bila kuuliza, alipewa asante na bakuli la kande. Angesema, "Leo siwashi, naizima siku mbili niite fundi wa umeme aikague," angetukanwa kuanzia kisimani hadi kilabuni. Tulimfundisha, kwa shukrani zetu, kwamba wema ni kuziba mdomo wa mashine inayosema inaumwa.

Shaaban Robert, mtoto wa Tanga hiihii, alishaliona jambo hili mapema. Katika Kusadikika, ile nchi ya angani aliyoichapisha mwaka 1951, wajumbe sita wanatumwa pande zote kutafuta mambo yenye manufaa, na kila anayerudi na habari anaishia kifungoni. Tukikisoma shuleni tunaambiwa ni siasa za ukoloni, na ni kweli. Ila nikikisoma leo nakiona pia kibanda cha mashine. Swichi inayoruka ni mjumbe. Anarudi na habari usiyoitaka, unamfunga, unawasha.

Hata hivyo siwezi kusimama Handeni na kuwahubiria watu subira ya Goddard. Ingekuwa ni ufedhuli. Hubble ikilala mwezi mzima, wanajimu wanakosa picha. Wanakasirika, wanapanga upya ratiba, wanakunywa kahawa. Pampu ikilala siku mbili, kuna mtoto wa darasa la sita anayekosa shule, na kuna mwenye mimba anayeteremka lambo. Gharama ya kuchunguza haibebwi na mwenye ufunguo. Inabebwa na wenye ndoo. Kwa hiyo anayesema "tungoje kwanza tujue chanzo" huenda yeye ana tangi nyumbani kwake, na kabla hujampigia makofi kwa busara yake, chungulia uani.

Tena subira yenyewe ya Goddard ilinunuliwa. Kilichowawezesha kukaa mwezi mzima wakipima ni kwamba upande wa pili ulikuwapo. Mtambo ule wote wenye pande mbili ulifungwa mwaka 2009 kwa sababu mwaka 2008 uliotangulia ulipata hitilafu, na watu wakaamua isiwe Hubble inaishi kwa upande mmoja. Mwenye akiba anaweza kuwa mwadilifu kwa utulivu. Asiye na akiba anawasha tu, anamwachia Mungu. Nikisikia watu wa mijini wanasema wanavijiji hawana utamaduni wa matengenezo, hilo ndilo linalonijia kichwani: wapeni pampu ya pili, halafu ndipo muwaulize kuhusu utamaduni.

Kwa hiyo je, aliyebanwa na muda, asiye na pa kukimbilia, hana njia ya kuwasha kwa haki? Anayo, na mfano mzuri ninaoujua ni wa tarehe 20 Julai 1969. Apollo 11 inateremka mwezini, na kompyuta yake inapiga kengele namba 1202, kisha 1201. Imeelemewa, kazi ni nyingi kuliko nafasi. Ikajianzisha upya, tena zaidi ya mara moja, watu wawili wakiwa ndani na mafuta yakipungua. Haikuua mtu, kwa sababu programu ilikuwa imeandikwa, na kundi aliloliongoza Margaret Hamilton, iweze kutupa kazi ndogondogo na kuendelea na zile kubwa baada ya kujianzisha. Ilijua cha kusahau. Na kule Houston kulikuwa na kijana wa miaka 24, Jack Garman, aliyekuwa na karatasi aliyoiandika kwa mkono, yenye orodha ya kengele zote na maana zake. Karatasi hiyo ilitokana na zoezi lililofanyika kabla ya safari, ambapo kengele ya namna hiyo ililia na watu wakababaika. Kwa hiyo uamuzi wa "endeleeni" uliochukua sekunde chache ulikuwa umeshafikiriwa kwa siku kadhaa. Daftari lilitangulia deni.

Karatasi moja ya mkono. Hilo halihitaji fedha ya NASA. Daftari la kurasa 80 na kalamu iliyofungwa kamba kwenye mlango wa kibanda cha mashine, kila ikiruka unaandika saa na siku: jambo hilo lingemwambia yeyote, katika wiki ya pili tu, kwamba mota inakufa. Ningempa kijana yule daftari kabla ya kumpa kande.

Lipo jambo jingine ambalo daftari pekee haliliponyi, nalo ni nani anaruhusiwa kuufungua huo mlango. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, Wamarekani na Waitaliano walirusha setelaiti ya kwanza iliyotengenezwa mahususi kwa unajimu wa miale ya eksirei. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikaitwa Uhuru. Marjorie Townsend ndiye aliyeusimamia mradi ule NASA, na Riccardo Giacconi, aliyeongoza sayansi yake, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Ilifanya kazi hadi Machi 1973, na orodha yake ya mwisho ina vyanzo 339 vya miale hiyo angani. Neno letu la Kiswahili liko katika vitabu vya unajimu vya dunia nzima. Nafurahi, sikatai. Lakini amri za kuiwasha na kuizima Uhuru hazikuwa mikononi mwa watu ambao jina hilo lilikuwa lao. Jina lilikuwa letu, nywila haikuwa yetu. Mpaka karne hii darubini ya Swift, iliyorushwa Novemba 2004, imekuwa ikiteremsha data zake kupitia kituo cha Malindi, na wanaoiongoza wapo Pennsylvania.

Simaanishi kwamba kila mvuvi wa Ngomeni apewe nywila ya setelaiti, au kila mwenye ndoo Chanika apewe ufunguo wa mashine iliyoko Korogwe. Kitu kinachoguswa na watu wengi huharibika, na ufunguo mmoja una maana yake. Ninachosema ni kwamba asiyeshika ufunguo ana haki ya kuona daftari. Mashine ikizimwa, aambiwe imezimwa. Ikiwashwa bila sababu kujulikana, aambiwe hivyohivyo: tumewasha, hatujui ilikuwa nini, inaweza kurudi. Kauli ya namna hiyo inamruhusu mama kujaza madumu yake usiku huu badala ya kuamini. Wanaoficha husema wanaepusha taharuki. Mimi naona wanamnyang'anya mtu nafasi ya kujiandaa, na huko ni kumdhulumu, hata kama maji hayajakatika bado.

Rafiki yangu mmoja, mwalimu, aliposikia hoja hii alinipinga akisema nimesahau upande wa pili: kwamba kuna vitu na watu wanaostahili kuwashwa upya bila daftari, bila kufukuliwa ya nyuma. Mfungwa aliyemaliza kifungo. Mume aliyeacha pombe. Ana hoja, na nimeizungusha sana. Kusamehe kuna sehemu ya kufuta. Lakini naona hata huko anayesamehe ndiye mwenye haki ya kufuta, kwa sababu yeye ndiye aliyedaiwa na kulipa. Mkosaji akijifutia mwenyewe daftari na kutangaza ukurasa mpya, hiyo ni ile swichi ya ukutani tu.

Na ipo siku ambayo kuwasha kunatakiwa kukome. Kuanzia Novemba 2023 jairoskopu moja ya Hubble, kifaa kinachoiambia darubini inageuka kwa kasi gani na kuelekea wapi, ikaanza kusema uongo. Darubini inajilaza, wahandisi wanairekebisha, inarudi, wiki zinapita, inadanganya tena. Aprili 2024 hivyo, Mei 2024 hivyo. Juni 4 wakatangaza: basi. Hawataitegemea tena. Kati ya sita zilizofungwa mwaka 2009 zilibaki mbili nzima. Wakaamua Hubble iende kwa moja, na nyingine iwekwe akiba. Kwa kufanya hivyo walikubali darubini iliyopungua: inachukua muda zaidi kujipanga kutoka nyota hadi nyota, na haiwezi tena kufuata kitu kinachopita karibu kuliko njia ya Mirihi. Walichagua upungufu wanaoujua badala ya uzima wa kuamka na kulala.

Shangazi yangu anaishi Kideleko, nje kidogo ya mji wa Handeni. Zamani alikuwa na bomba uani, likitoa maji siku mbili likikauka kumi, na kila likitoa anaambiwa safari hii limetengemaa. Siku moja aliuza mbuzi watatu, akaezeka upya paa la jikoni kwa bati, akajenga tangi la saruji la kuvuna maji ya mvua. Halimtoshi mwaka mzima. Anaoga kwa kopo, anafua kwa kubahatisha. Mwaka jana nilimwambia habari za mradi mpya wa maji wa miji 28, kwamba Handeni na Korogwe zimo, na safari hii huenda mambo yakawa mazuri kweli. Nikamuuliza kama maji yakija atalivunja lile tangi, maana limekaa vibaya, linaziba njia ya kwenda bandani.

"Mwanangu," akasema, "njia nitazunguka."